Mfunza Mbwa Naye Ni Fundi

Katika lugha yetu neno mbwa ni tusi. Mtu akitaka kumtweza mwenzake humwita mbwa, na akitaka kueleza dhiki yake husema kwamba anaishi kama mbwa. Hatushangai. Wazee wetu waliotumikia nyumba za wakoloni walijua mbwa wa namna mbili: yule wa mtaani apigwaye mawe, na yule wa bwana, ambaye alikula nyama hata siku ambazo mpishi aliyempikia nyama hiyo alikula ugali mkavu. Mpaka leo mtu apitaye penye malango ya wenye nacho husoma kibao kisemacho "Mbwa Kali". Kiswahili hicho kibovu ni cha mabwana. Mabwana wenyewe walikwenda zao zamani, kibao kikabaki, na waliokirithi hawajaona haja ya kukisahihisha.

Kwa hiyo kijana akisema leo kwamba anapenda mbwa na kwamba angependa kuwafunza iwe ndiyo kazi yake ya kumlisha, baba yake humtazama kana kwamba amerukwa na akili. Sisi twaona kijana huyo asichekwe. Lakini asidanganywe pia.

Kazi yenyewe si ngeni kwetu. Wahenga walisema kuwa mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, maana walijua kwamba sifa ya mbwa ni sifa ya aliyemfunza. Wawindaji wa misitu ya Kongo, ambao mbwa wao hawabweki, walimfunga mbwa njuga ya mti shingoni wapate kumfuata kwa sauti. Na wale wasemao kwamba dini inaikataza kazi hii wakumbuke kuwa Kurani yenyewe, katika sura ya Al-Maida, aya ya 4, inawataja wanyama waliofunzwa kuwinda na kuhalalisha wanachokikamata. Habari ya unajisi ni habari ya tohara, na tohara ina utaratibu wake unaojulikana. Si sababu ya kumdharau mtu kwa kazi yake.

Ugeni uko katika kuifanya kazi hii kuwa ufundi wa kusomewa. Hata Ulaya jambo hilo si la kale sana. Polisi wa mji wa Ghent, Ubelgiji, walianza kutumia mbwa kwa utaratibu mwaka 1899, na mwaka 1916 shule ya mbwa wa kuongoza vipofu ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Hapo ndipo watu walipotambua kwamba kupenda mbwa ni jambo moja, na kumfunza mbwa atakayemvusha kipofu barabara ni jambo jingine.

Tuchukue mfano ulio karibu. Mwaka 1914 hadi leo ni karne na zaidi, lakini sisi tutazame mwaka 2014 tu, wakati shirika la African Wildlife Foundation lilipoanzisha mpango wa mbwa wa kunusa nyara, likawa na kituo cha mafunzo Usa River, karibu na Arusha. Askari wa wanyamapori wa Tanzania, Kenya na Uganda walifundishwa kuongoza mbwa wanaonusa pembe za ndovu na za faru, na mbwa wa mpango huo walipelekwa bandari ya Mombasa na uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam. Somo lenyewe ni jepesi kulieleza na gumu kulitenda. Kitu hufichwa katika moja ya masanduku yaliyopangwa. Mbwa hupita akinusa. Akifika penyewe huketi au husimama kimya, na papo hapo hupewa mpira wake acheze. Kwake yeye pembe ya ndovu haina thamani yoyote. Anautumikia mpira.

Malipo hayo hayana budi kutolewa mara ile ile. Yakichelewa hata kidogo mbwa hajui tena amelipwa kwa tendo gani, na siku ya pili hufanya kazi kwa ulegevu. (Waajiri kadhaa tunaowajua wangefaidika kwa kuketi darasani hapo.) Tena mwongoza mbwa asijue kitu kimefichwa wapi, kwa maana akijua, mguu wake utasita, bega lake litageuka, na mbwa atamsoma yeye badala ya kunusa. Basi huyu ni mfanyakazi anayetakiwa kuutawala mwili wake mwenyewe kabla ya kumtawala mnyama. Hukariri somo fupi fupi siku baada ya siku, huandika alichokiona, na hasira haimsaidii hata chembe. Kijana apendaye mbwa kwa kumkumbatia tu atachoka kabla ya mwezi kwisha.

Wasiosadiki kwamba vijana wetu wanaliweza jambo hili na waende Morogoro. Huko, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO limefunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini, kwa njia hiyo hiyo ya kitendo na malipo: sauti ndogo ya kliki, kisha chakula. Panya mmoja aliyezaliwa hapa nchini, Magawa, alinusa mabomu na baruti zaidi ya 100 huko Kambodia, akatunukiwa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Dunia ilimjua panya kwa jina. Waliomfunza, ambao wengi wao ni vijana wa Kitanzania, haikuwauliza majina.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Jeshi la Polisi lina Kikosi chake cha Mbwa na Farasi, na askari wa kikosi hicho ana cheo, mshahara na pensheni kama askari wengine. Lakini nje ya majeshi hali ni nyingine. Mlinzi wa kampuni ya binafsi anayekesha na mbwa langoni mwa ghala huhesabiwa kuwa mlinzi tu, na pengine mbwa aliye naye ana bei inayopita mishahara yake ya miezi mingi. Mbwa akiugua huitiwa daktari. Mtu huyo akiachishwa kazi, miaka kumi ya maarifa yake huondoka naye bila karatasi yoyote ya kuonyesha kwa mwajiri mwingine. Seremala hupimwa akapewa cheti. Fundi umeme hupimwa akapewa cheti. Twauliza, kwa nini mfunza mbwa asipimwe?

Vyama vya wafanyakazi vyafaa kulichukua jambo hili mezani. Ufunzaji wa mbwa uandikwe kuwa ufundi, wenye daraja zake, na wakaguzi wawe watu waliowahi kushika kamba wenyewe. Kijana anayetaka kuingia aanze na elimu ya afya ya mifugo, ambayo inafundishwa katika vyuo vyetu, apate kumjua mnyama tumboni na mdomoni kabla ya kumpa amri.

Na liko dai moja lisilongoja mjadala. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hapana anayepona, na Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hadi asilimia 99 ya watu wanaoambukizwa hukipata kwa mbwa. Chanjo ipo, ya mbwa na ya binadamu. Mkataba wa kila mwongoza mbwa useme wazi kwamba chanjo zote mbili ni gharama ya mwajiri, maana meno ya mbwa yako karibu na mkono wa mfanyakazi, wala hayako karibu na mkono wa mkurugenzi.