Mtoto hujikwaa palepale kwenye piano: mzazi afanye nini?

Ada ya mwalimu imelipwa, kinanda kimenunuliwa, na kila jioni sebuleni unasikika wimbo uleule. Mtoto anaanza vizuri “Für Elise” ya Beethoven, anafika katikati penye nota za haraka, anajikwaa, anarudi mwanzo. Anajikwaa tena palepale. Baada ya nusu saa anaondoka amenuna, na wazazi wanaanza kunong’ona kwamba labda hana kipaji, bora aache.

Kabla ya kumwachisha, inafaa kuangalia namna anavyofanya mazoezi. Vidole hukariri kinachorudiwa. Kosa likirudiwa mara ishirini, nalo hukaririwa. Habari njema ni kwamba hata mzazi asiyejua nota moja anaweza kusaidia.

Aanzie penye ugumu. Mwalimu aweke alama ya penseli mahali panapomsumbua. Mtoto apige nota hizo chache tu, hadi azipatie mara tatu mfululizo. Kisha aziunganishe na zilizotangulia na zinazofuata.

Mkono mmoja kwanza. Wa kulia peke yake, wa kushoto peke yake, halafu yote miwili. Wa kushoto ndio husahaulika, na mara nyingi ndio unaokwamisha.

Apunguze mwendo. Mwendo sahihi ni ule ambao hakosei, hata ukiwa wa kobe. Simu ya mzazi inaweza kuwekwa programu ya metronomu. Aanzie mapigo 60 kwa dakika. Akipiga safi, aongeze manne. Akikosea, ashuke.

Asibadili vidole. Kwenye piano kila kidole kina namba, kuanzia gumba ambalo ni 1 hadi kidole cha mwisho ambacho ni 5. Mwaka 1720, Johann Sebastian Bach alipoanza kumwandalia mwanawe Wilhelm Friedemann, wa miaka tisa, daftari la mafunzo, alimwekea humo kipande chenye namba za vidole juu ya nota. Leo kidole hiki na kesho kile ni sawa na kujifunza wimbo mpya kila siku.

Kidogo kila siku. Kwa anayeanza, dakika 15 au 20 za kila siku zinamjenga kuliko saa mbili za Jumamosi.

Kuna jambo moja lisilo la kusubiri: maumivu. Mtoto akilalamika kiganja, kifundo cha mkono au bega, aache kupiga mara moja na mwalimu aambiwe. Maumivu yakiendelea, aonwe na daktari. Robert Schumann alitamani kuwa mpiga piano mkubwa. Akiwa kijana alitumia kifaa cha kuzoeza vidole, mkono wake wa kulia ukaharibika, na ndoto ile ikaishia hapo. Akabaki kutunga. Mwaka 1848 alitunga vipande vya piano kwa ajili ya watoto, vya kwanza vikiwa zawadi kwa binti yake Marie alipotimiza miaka saba. Watoto wanavipiga hadi leo.

Jioni, badala ya kumuuliza mtoto amepiga piano kwa muda gani, mzazi amuulize: “Leo umerekebisha wapi?” Kisha amwombe apige hapo tu, naye asikilize hadi mwisho bila kushika simu.