Plagi Inayoingia Siyo Lazima Iwe Inayofaa

Mwaka jana nilihudhuria tamthilia ya wanafunzi mjini Mpanda, katika ukumbi ambao sitautaja. Taa za jukwaa zilimetameta hovyo tangu mwanzo hadi mwisho. Watu waliulaumu umeme; mimi niliufuata waya. Mtambo wa kuongozea taa ulikuwa umeunganishwa kwa waya wa kipaza sauti, kwa sababu tu plagi zake ziliingia bila taabu.

Kanuni iitwayo DMX512, iliyowekwa Marekani mwaka 1986, hupeleka amri kwa taa kwa kasi ya biti 250,000 kwa sekunde. Biti moja hudumu mikrosekunde 4 tu. Waya wa kipaza sauti haukuundwa kwa mwendo huo. Tena, ishara ikifika mwisho wa waya ulioachwa wazi, hurudi nyuma kama mwangwi na kuzivuruga zile zinazofuata. Ndiyo maana hutakiwa waya maalumu wa omu 120, pamoja na kikinza cha omu 120 kati ya pini ya 2 na ya 3 kwenye taa ya mwisho.

Kanuni yenyewe huagiza plagi ya pini tano, ingawa ujumbe hutumia tatu tu. Mbona hivyo? Pini tatu ni za vipaza sauti, na mtambo wa sauti huweza kutoa volti 48 katika pini hizo hizo. Kijana akikosea gizani, volti hizo zaweza kuunguza saketi iliyozoea volti chache. Hata hivyo, taa nyingi za bei nafuu bado huja na pini tatu, jambo ambalo kwangu ni ubahili wa watengenezaji.

Wapo watakaosema shule haina fedha. Lakini kikinza ni bei ndogo mno kuliko taa, na taa ikiungua Mpanda, nyingine aghalabu husubiriwa kutoka Dar es Salaam, kwa barabara au kwa treni ipitayo Tabora na Kaliua. Afadhali kununua waya wa pini tano, na kuzitengenezea taa za pini tatu viunganishi vifupi vilivyopakwa rangi yake.

Mwalimu wa fizikia aweza kuligeuza jambo hili kuwa jaribio. Mtambo na taa zote zichomolewe, kikinza kibaki mwishoni, kisha mwanafunzi apime kwa multimita pini ya 2 na ya 3 mwanzoni mwa waya. Akisoma omu 120 na ushei, njia ni nzima; asiposoma kitu, atafute palipokatika kabla pazia halijafunguliwa.