UYOGA SI MZAHA



Katika mkutano wa tawi nilitaja uyoga, watu wakacheka. Mmoja akasema, "Uyoga ni mboga, usituletee habari za jikoni." Basi leo nawauliza waliocheka: ninyi mna dawa gani?

Sisi wa gengi hapa Kimbo twaijua habari hii vizuri. Mkandarasi mmoja, jina lake siliandiki, alileta dawa ya kuua majani kando ya njia ya reli. Vijana wake wakaoshea pampu na mitungi pahali pamoja, karibu na nyumba zetu. Misimu mitatu ya mvua imepita. Hapo mahindi huota, hugeuka manjano, hufa. Tulipolalamika tukajibiwa, "Jua kali litaimaliza."

Jibu hilo ni la kutulaza usingizi. Dawa nyingi za namna hii huozeshwa na vijidudu vya udongo, na vijidudu vyataka maji. Udongo ukikauka kazi yao hulegea, na dawa hukaa. Kiangazi cha Januari hadi Machi chailinda sumu.

Wengine husema, "Chimbeni mkautupe." Tuutupe wapi? Mtoni Ruiru? Huko ni kumhamishia jirani ugonjwa.

Sasa sikilizeni habari ya uyoga. Ule tunaoula ni tunda tu. Mwili wake ni nyuzi nyeupe zinazotambaa chini. Kijidudu huogelea katika maji, lakini uzi huvuka nafasi kavu kati ya punje za udongo. Tena kuvu zinazoozesha magogo hutoa vimeng'enya vikali vya kuvunja ukuni, na vimeng'enya hivyo huvunja sumu pia. Wataalamu wa Marekani waliandika hayo mwaka 1985. Baadaye Fragoeiro na Magan wa Chuo Kikuu cha Cranfield, Uingereza, walitia kuvu hizo katika udongo wenye simazine, trifluralin na dieldrin. Hata udongo ulipokaushwa, kuvu ziliendelea na kazi.

Sisemi ni muujiza. Kuvu zataka chakula: nyasi kavu, magunzi, vumbi la mbao. Zataka kivuli na maji kidogo. Hazivunji kila dawa, wala haziondoi madini kama arseniki. Na uyoga utakaoota hapo mtu asithubutu kuula! Lakini gharama yake ni ndogo, na hapa jirani Juja, chuo kikuu cha JKUAT hufundisha ukuzaji wa uyoga. Makapi wanayotupa wakuzaji baada ya kuvuna bado yana nyuzi hai ndani yake.

Kwa hiyo tawi lidai mambo manne:

1. Udongo upimwe katika maabara kabla na baada, na gharama ilipwe na aliyemwaga dawa.

2. Kiwanja kigawanywe: nusu kitiwe makapi ya uyoga na kufunikwa nyasi, nusu kiachwe, tuone tofauti kwa macho yetu.

3. Mitungi isioshwe tena karibu na makao ya watu.

4. Asinyunyize mtu bila glavu, buti na barakoa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa hivyo bure, na penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Yetu iko wapi?

Dai la nne ndilo la kwanza kwa uzito. Uyoga usiwe kisingizio cha kumwaga zaidi kwa kuwa kuna wa kusafisha.

Ibara ya 42 ya Katiba ya 2010 yampa kila mtu haki ya mazingira safi. Haikusema isipokuwa watu wa gengi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Aliyecheka mkutano uliopita, safari hii aje na jembe.

Umoja ni nguvu.

Mwanachama wa gengi, Kimbo