Mnatuambia Tupige Ngoma Bila Kuzipiga

Nianze na kisa, mkimaliza kusoma mnitukane.

Mjomba wangu ako na kikundi cha isukuti hapa Shirere. Watu kumi na mmoja, wazee kwa vijana. Mwaka jana waliitwa Nairobi na stesheni moja ya runinga, jina lake naliacha, kwenda kurekodi kipindi cha burudani. Mnavijua hivi vipindi. Emsii anaingia na suti inayong'aa, mchekeshaji anafuata, halafu mwimbaji wa injili, mahojiano kidogo na mtu maarufu, na mahali fulani katikati panawekwa "utamaduni". Mjomba na watu wake ndio walikuwa utamaduni.

Walisafiri usiku kwa nauli yao wenyewe. Wakafika asubuhi, wakakaa kwa kibaraza hadi saa nane mchana. Ndipo kijana wa mitambo ya sauti akaja akawaambia maikrofoni hazitoshi. Lakini wasijali, amepata wimbo wa isukuti kwenye flashi, utapigwa kwa spika, wao wacheze juu yake. Na tafadhali ngoma wasizipige kwa nguvu, zitagongana na wimbo.

Soma hiyo tena polepole. Watu wa Isukha waliambiwa wapige isukuti bila kuipiga.

Mjomba aliuliza kwa heshima, "Mwana wefwe, sasa hizi ngoma tumezibeba za nini?" Akajibiwa, "Za kuonekana, mzee."

Na wimbo wenyewe haukuwa wao. Ulikuwa wa kikundi kingine, ambacho nacho sidhani kilijua kiko hewani siku hiyo. Kipindi kilipotoka, watu wetu walionekana dakika mbili, nusu yake ikiwa na tangazo la simu likipita chini ya magoti yao. Jina la kikundi halikuandikwa. Malipo yalikuwa chakula cha mchana na fulana moja moja yenye nembo ya mdhamini. Yangu ninayo hapa, mjomba alinipa. Inanibana.

Sasa kuna watu wanapenda kulia kwamba runinga zetu zimesahau utamaduni. Hapana, bana. Hazijausahau hata kidogo. Zinaupenda sana, mradi usitoe sauti. Ngozi, njuga, kina mama kwa leso za rangi moja, hiyo picha wanaitaka. Ila sauti ina gharama: inataka maikrofoni, inataka fundi anayejua kuzipanga, inataka muda wa kujaribu mitambo kabla ya kurekodi, na inataka binadamu alipwe. Hapo ndipo flashi inapotolewa mfukoni.

Nimetumia miezi kadhaa nikitazama klipu za zamani za Marekani, kwa sababu hicho kipindi cha kuchanganya-changanya kimekomazwa huko. Mwaka 1948 CBS walimweka mwandishi wa magazeti anayeitwa Ed Sullivan mbele ya kamera. Hakuwa na sura ya kuchekesha wala mwili wa kucheza, alisimama kama mti. Kipindi chake kilidumu hadi 1971. Wanasarakasi, waimbaji wa opera, wachekeshaji, Duke Ellington, kila mtu alipita pale. Na ukitega sikio utasikia kitu ambacho kamera haikionyeshi sana: kuna okestra nzima hapo ndani ya studio, chini ya Ray Bloch. Mtu wa sarakasi akirusha sahani, ngoma inamfuata. Mwimbaji akiingia, tarumbeta ziko tayari. Lawrence Welk alianza kwa ABC mwaka 1955 na bendi yake ndiyo iliyokuwa kipindi chenyewe. Muziki mtamu kupita kiasi, kama chai ya kijiko cha tano, lakini watu walikuwa kazini.

Unaweza kudhani Wamarekani walipenda bendi kuliko sisi. Wapi! Runinga ilipoanza kuingia majumbani, bendi kubwa zilikuwa zinakufa tayari. Mwisho wa 1946 kadhaa kati ya zile maarufu zilivunjika kwa miezi michache tu, kwa sababu kusafirisha watu kumi na saba kwa basi hakulipi, na watu walikuwa wamehamia kwa waimbaji wa pekee. Kilichowapa wanamuziki nafasi kwenye runinga kilikuwa chama chao cha wafanyakazi na jamaa mmoja mgumu sana aliyekiongoza, James Petrillo, mpiga tarumbeta kutoka Chicago. Huyu ndiye aliyekuwa ameshazuia wanamuziki wake kurekodi sahani kuanzia Agosti 1942 hadi kampuni zikubali kuwalipa. Runinga ilipokuja akasema hivyo hivyo: hakuna mwanachama wetu atakayepiga hata noti moja mbele ya kamera hadi tujue malipo yake ni nini. Magazeti yalimchora kama dikteta. Akakaa ngumu. Makubaliano yalipopatikana Machi 1948, NBC na CBS zilikimbizana kuonyesha okestra za muziki wa kale siku moja, tarehe 20, kila moja ikitaka kuwa ya kwanza.

Mnaona mpangilio wenyewe? Malipo kwanza, kamera baadaye. Kuanzia hapo okestra ikawa gharama ya kawaida ya kipindi, kama taa na kama nguo za emsii. Tonight Show ya Johnny Carson ilikuwa na bendi kubwa ya Doc Severinsen ndani ya studio kutoka 1967 hadi 1992, wakati ambapo dunia nzima ilikuwa imeshaacha kucheza muziki wa aina ile. Bendi ilikuwa na kazi, basi ikaendelea kuwa bendi.

Sisemi ilikuwa peponi. Nat King Cole alipewa kipindi chake na NBC mwaka 1956, mwimbaji ambaye sahani zake zilikuwa kila nyumba, na mwaka uliofuata kikaisha kwa sababu hakuna kampuni kubwa ya kitaifa iliyokubali kumdhamini mtu mweusi. Kwa hivyo msiniletee ile "wazungu wanaheshimu wasanii". Wanaheshimu pale wanapobanwa.

Turudi nyumbani. Runinga Kenya ilianza 1962, kabla ya uhuru, na 1964 ikawa Sauti ya Kenya, VOK. Ni katika miaka hiyohiyo ambapo Daudi Kabaka alikuwa akitoa nyimbo na Equator Sound. Helule Helule yake ilichukuliwa na kundi la Uingereza, Tremeloes, na 1968 ikaingia kwenye chati zao kule. Mtu wetu, wa magharibi hii hii. Gitaa la omutibo la George Mukabi wa Kisa lilikuwa limeshafundisha nchi nzima kuvuta nyuzi. Abana ba Nasery wa Bunyore walikuwa na magitaa na chupa ya Fanta ya kukwaruza, na hiyo chupa ilitosha. Hatukukosa wanamuziki. Tulikosa kumweka hata mmoja wao studio akiwa na mshahara wa mwezi.

Nani aliwapa mshahara? Jeshi! Maroon Commandos walianza 1970 katika Jeshi la Kenya, wakiongozwa na Habel Kifoto, na Charonyi ni Wasi wameimba wakiwa askari wenye payslipu. Kifoto alifariki 2011 na bendi haikufa naye. Ukivuka mpaka utakuta kitu hichohicho. Nuta Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi cha Tanganyika, ikabadilika jina kila chama kilipobadilika, Juwata, Ottu, na leo ni Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya vijana wa chama tawala. Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa na bendi. Mpiga saksofoni alikuwa mwajiriwa kama karani. Na kichekesho ni kwamba Tanzania Bara haikuwa na runinga kabisa hadi 1994. Nchi isiyo na kamera hata moja ya runinga ilikuwa na bendi zilizoshiba, sisi tuliokuwa na kamera tangu 1962 tukabaki na flashi.

Mtasema serikali itunge sheria. Ipo. Kanuni za utangazaji za 2009 ziliwataka wenye stesheni wafikishe asilimia 40 ya vipindi vya hapa nyumbani. Sawa, lakini kanuni inahesabu saa. Haikuulizi kama ngoma iliyoonekana ndiyo iliyosikika, wala kama aliyeipiga alirudi kwao na kitu. Mjomba kuning'iniza ngoma begani bila kuigusa, hiyo nayo inaingia kwenye asilimia 40.

Na isukuti haina muda wa kuchezewa hivi. Mwaka 2014 UNESCO waliiweka kwenye orodha. Wanasiasa wetu wanapenda kutaja hiyo orodha kwa majivuno, kama tumeshinda kombe. Hebu waisome kichwa chake: ni orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Maana yake uko taabani. Sababu zilizoandikwa ziko wazi. Wanaoijua wengi ni wazee, vijana hawarithishwi, pesa za kutengeneza vyombo hakuna, watazamaji wanapendelea burudani za kisasa. Tumepewa kitanda cha wodini, sisi tunapiga nacho picha.

Isukuti jina lake limetokana na ngoma zenyewe, tatu, kubwa na ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swara na njuga. Kubwa ikinyamaza, ndogo inaongea na nani? Mwimbishaji anatunga papo hapo. Anaona nani amefika, nani amefiwa, nani ameoa, anaiingiza. Hicho ndicho kitu ambacho flashi haiwezi. Kama mko kwa matanga na mwimbishaji hamjui marehemu, hata wafiwa wanashtuka. Sasa fikiria marehemu wa kwenye rekodi ni wa kijiji kingine, miaka kumi iliyopita. Ndicho walichopewa wakina mjomba wakicheze mbele ya taifa.

Ile hoja kwamba vijana hawataki, mimi siikubali. Njoo Bukhungu siku AFC Leopards wakicheza hapa. Isukuti inalia kuanzia nje ya geti hadi kipenga cha mwisho, na wanaoruka ni vijana wa rika langu, wengine hata Kiluhya chenyewe wanabahatisha. Hakuna aliyewalazimisha. Wako hapo dakika tisini juani, na Ingwe ikifungwa bado wanacheza. Runinga zinakuja kupiga picha mpira na zinapunguza sauti ya mashabiki ndio mtangazaji asikike.

Hoja ya gharama nayo ina ukweli, lakini naomba tusidanganyane. Kipindi kinachoweza kulipa emsii, taa, skrini kubwa nyuma ya jukwaa na yule anayepaka watu poda hakiwezi kukosa maikrofoni nne. Kwa isukuti hata hamhitaji nyingi: moja kwa kila ngoma, moja kwa mwimbishaji, na fundi aje mapema asikilize. Wape robo saa badala ya dakika mbili. Andikeni jina la kikundi kwa skrini. Bei itajwe kwa kila kichwa kabla watu hawajapanda gari. Kama pesa hakuna kabisa, semeni pesa hakuna, watu walale kwao. Lakini kumtoa mzee wa miaka sabini Shirere usiku ili aigize kazi anayoijua kuliko ninyi nyote, hapana.

Na kabla hamjaanza kwa komenti: ndiyo, na mimi nimo. Miaka miwili iliyopita nilirekodi kikundi hichohicho kwa simu kwenye harusi, nikakata sekunde kumi na tano tamu, nikaziweka chini ya video yangu ya kuuza viatu. Ilipita vizuri kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Mwenye viatu alinilipa elfu nne. Sikuandika jina la mtu. Mjomba aliiona kwa simu ya binamu yangu, akacheka, akasema ngoma imetokea vizuri. Hakuniuliza pesa, na hapo ndipo iliniuma, kwa sababu yule kijana wa mitambo naye hakuulizwa. Nimewapelekea elfu mbili mwezi jana. Mjomba alisema ya nini sasa. Nikamwambia ni deni.

Juzi stesheni ilepile imepiga tena. Wanataka isukuti kwa kipindi cha Desemba, "ile energy ya last time". Mjomba alinipa simu niongee kwa niaba yake. Nimewaambia watu kumi na mmoja, maikrofoni nne, nauli ya kwenda na kurudi, malipo kwa kila mtu yaliyoandikwa, na wimbo watakaopiga ni wao wenyewe, kwa sauti yake yote. Mama wa upande wa pili akasema atashauriana na wenzake kisha anipigie.

Leo ni siku ya tisa.