Ndagala Hula Nini?

Mwenye kusimama pwani ya Uvira asubuhi, wakati mitumbwi inaporudi na taa zake, huwaona ndagala wakimwagwa, wakipimwa na kuanikwa juani. Akina mama wanajua bei yao. Wavuvi wanajua usiku unaofaa, yaani usiku wa giza usio na mbalamwezi. Lakini tukiuliza, ndagala hao wamekula nini hata wakanenepa, wengi watajibu: maji tu, au matope. Juma hili twapenda kulijibu swali hilo, na jawabu lake laanzia mbali na ziwa, katika jani bichi.

Kila mnyama hana budi kula kitu kilichotoka katika kiumbe kingine. Mtu hula mukeke, mukeke hula ndagala, ndagala hula vidudu vidogo mno vinavyoelea majini, na vidudu hivyo hula mimea midogo kuliko vyenyewe, isiyo na mzizi wala shina, ambayo jicho la mtu haliwezi kuiona bila hadubini. Hapo mlolongo hukoma. Mimea hiyo haimli yeyote. Hujipikia chakula chake yenyewe, kama vile muhogo na mchikichi, na moto wake ni jua.

Watu wa kale walidhani kwamba mmea hula udongo. Jan Baptist van Helmont, mwenyeji wa Brussels, alitaka kuhakikisha. Alitia ratili 200 za udongo mkavu katika chombo, akapanda humo mti mchanga wenye uzito wa ratili 5, akaumwagilia maji muda wa miaka 5. Alipoung'oa na kuupima, mti ulikuwa na ratili 169, na udongo ulikuwa umepungua kidogo sana, kiasi cha kujaa kiganjani. Habari hiyo ilipigwa chapa mwaka 1648, mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Van Helmont alikata shauri kwamba mti wote umetoka katika maji. Kuhusu udongo alisema kweli, lakini hewa hakuifikiria. Hata mwaka 1779 Jan Ingenhousz, Mholanzi, akaonyesha kwamba majani mabichi hutoa hewa njema yakiwa katika mwanga tu, gizani hayatoi.

Basi, mambo huendaje? Tutazame jani la muhogo, lile lile tulitwangalo kuwa sombe. Lina vitundu vidogo sana, vilivyo vingi zaidi upande wa chini, na kwa vitundu hivyo huingia hewa ya ukaa, ile tuitoayo puani na itokayo katika moto wa makaa. Hewa hiyo ni chache: katika sehemu 10,000 za hewa yote, yenyewe ni sehemu 4 na kidogo. Maji hupanda kutoka mizizini. Ndani ya jani mna kitu cha rangi ya kijani kiitwacho klorofili, nacho hunasa nguvu ya mwanga. Kwa nguvu hiyo maji hupasuliwa. Oksijeni iliyokuwa ndani ya maji huachiliwa itoke, nasi twaivuta. Hidrojeni yake hubaki, ikaunganishwa na ile hewa ya ukaa, mpaka ikapatikana sukari. Wenye kupenda hesabu na waandike hivi: molekuli 6 za hewa ya ukaa na 6 za maji hutoa molekuli 1 ya sukari na 6 za oksijeni. Vitabu vya shule huiita kazi hiyo usanidinuru.

Sukari hiyo husafiri kwenda chini na kugeuzwa wanga, ndio ugali wetu. Mchikichi huigeuza kuwa mawese. Muwa huiacha ikae kama sukari, na kwa sababu hiyo kiwanda cha sukari, hata kile kilichojengwa Kiliba enzi ya Wabelgiji, hakitengenezi sukari kamwe. Hukamua tu ile iliyokwisha kutengenezwa na majani shambani. Twaona vema watoto wa shule walijue hilo.

Mtu atauliza, mbona basi twatia samadi? Kwa sababu jani lataka pia chumvi za ardhini, kama naitrojeni na fosforasi. Ni kidogo kwa uzito, lakini zikikosekana jani hugeuka manjano na kazi hulegea.

Sasa turudi ziwani, kwani hapa pana shida kubwa. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 mahali pa chini kabisa. Mwanga hufika tabaka la juu tu, na huko upande wetu wa kaskazini, chini ya mita 100 hivi, oksijeni hukoma na samaki hawezi kuishi. Kila kilichokufa huzama, na chumvi zake huzama pamoja nacho. Kwa hiyo mwanga uko juu, na samadi iko shimoni. Nani ataipandisha? Ni upepo. Tangu Mei hata Septemba upepo wa kusini husukuma maji ya juu kuja kaskazini, na kule kusini maji baridi ya chini hupanda kushika nafasi. Upepo ukitulia, ziwa lote huyumba ndani kwa ndani, kama maji katika karai lililosukumwa, na chumvi hupanda huku na huku. Mimea midogo hushiba, na ndagala baada yake.

Lakini maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi. Kadiri tabaka la juu linavyozidi kupata joto, ndivyo linavyokataa kuchanganyika na la chini. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake, akiwamo Pierre-Denis Plisnier, walitangaza kwamba kazi ya mimea ya ziwa hili ilikuwa imepungua kwa sehemu 20 hivi katika 100, na kwamba samaki waweza kupungua kwa sehemu 30 hivi. Wataalamu wengine walibisha, wakisema mavuno yamebadilika kwa sababu ya namna za uvuvi. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walieleza habari za matope waliyoyachimba chini ya ziwa: mabaki ya samaki yalianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara kuanza.

Wengine wataifurahia habari hiyo na kusema, basi nyavu zetu hazina kosa. Sivyo. Ziwa lenye chakula haba ndilo lisiloweza kuvumilia wavu wa mbu unaokokota vichanga ufukweni. Tena liko tope. Mvua kubwa zinyeshapo juu ya milima iliyokwisha kukatwa miti, Mulongwe na Kalimabenge hushuka zikiwa nyekundu, na tope hilo huziba mwanga karibu na pwani na kufunika mawe yenye mimea inayoliwa na samaki wadogo. Mafuriko ya Aprili 2020 yaliua watu na kubomoa nyumba Uvira. Hayo kila mtu aliyaona. Kiza kilichoingia majini nani alikipima?

Wanafunzi wakitaka kujionea wenyewe, na watwae chupa mbili za kioo cheupe na kuzijaza maji. Katika moja watie jani bichi la mmea wa majini, akichuma mtu mzima, mahali pasipo mamba wala kiboko. Wakiisha, wanawe mikono kwa sabuni, maana kipindupindu si mgeni kwetu. Chupa zote mbili ziwekwe juani. Maji yenyewe yakipata joto huweza kutoa vipovu vichache, ndiyo sababu ya ile chupa ya pili. Lakini kwenye jani vipovu vitazidi kupanda, kimoja baada ya kingine. Ikifunikwa kwa kitambaa cheusi kwa muda, kisha ikifunuliwa, vitakuwa vimekoma, na jua likiipiga tena vitaanza.