Chombo Kimetengenea, Nauli Imepanda

Fundi wa jahazi hasemi amemaliza kazi siku chombo kinaposhushwa majini. Ndivyo ilivyo mitambo miwili ya michezo ya video inayobishaniwa na vijana wetu barazani hapa Mji wa Kale: Xbox Series X na PlayStation 5, iliyoanza kuuzwa Marekani tarehe 10 na 12 Novemba 2020.

Mitambo hii imetengenea tangu hapo. PlayStation 5 ilitoka na nafasi ya kuongezea akiba ya michezo, lakini imefungwa. Septemba 2021 ikafunguliwa kwa programu iliyopitia intaneti, na aliyekwisha nunua akafaidi. Kwa upande wa pili, Xbox Series S, mdogo wake Series X, ilianza na gigabaiti 512. Septemba 2023 ikaja ya terabaiti 1. Hiyo, bila shaka, ni faida ya mnunuzi mpya tu.

Lakini, ndugu msomaji, tuitazame bei. Desturi ya mitambo hii ilikuwa kushuka bei kadiri inavyozeeka. Safari hii yapanda. Zote mbili zilianza kwa dola 499.99 huko Marekani. Kufikia mwisho wa 2025, Xbox Series X ilikuwa dola 649.99, na PlayStation 5 dola 549.99.

Kijana wa Mvita asiyemudu hulipia mchezo mmoja mmoja kibandani, na mwenye kibanda hana budi kurudisha gharama yake. Basi wabishanao ni upi bora, na waulize pia: ubora huo unalipwa na nani?