Fundi Anapolaumiwa kwa Kazi Yake

Hivi karibuni alitujia mwenye gereji mmoja wa hapa Tanga, mtu tunayemfahamu kwa sala ya jamaa na kwa ukarimu, naye amejaa hasira. Kazi yake ni kufufua magari ya zamani, hasa Land Rover za umbo lile ambalo kiwanda cha Solihull, Uingereza, kiliacha kulitengeneza mwaka 2016. Mteja aliyemtengenezea gari kabla ya masika amekuwa akisema katika baraza za kahawa za Ngamiani kwamba aliuziwa rangi juu ya kutu. "Sheikh," akatuambia, "nina miaka ishirini katika kazi hii. Andika katika ukurasa wako, watu waache kunivunjia heshima."

Tulimwuliza: asemayo mteja ni kweli au si kweli? Akatutajia wateja wengine walioridhika. Tukauliza tena, akaapa. Mara ya tatu akasema kwamba mteja hakuwa na fedha za kutengeneza chasisi. "Ulimwambia kuwa chasisi imeoza?" "Alijua, Sheikh." "Ulimwambia?" Akanyamaza.

Kwa wasioujua ufundi huu, tueleze kidogo. Bodi ya Land Rover za aina hiyo kwa sehemu kubwa ni ya alumini, lakini imekaa juu ya chasisi ya chuma. Alumini haishiki kutu nyekundu, na ndiyo sababu mtu hulitazama gari la miaka mingi akalidhani zima. Uozo huanzia ndani ya chasisi, ambayo ina uwazi kama bomba la pembe nne: matope huziba vitundu vya kutolea maji, na hewa yetu ya bahari yenye chumvi humaliza kazi. Fundi makini hukata chuma kilichooza mpaka akakifikia kilicho kizima, akachomelea bamba jipya, akaosha chumvi, akakausha, kisha akapaka rangi ya msingi kabla unyevu haujakirudia. Mwenye haraka hubandika bamba juu ya uozo, akajaza mabonde, akapiga msasa na rangi. Siku ya kukabidhiwa, magari yote mawili hung'aa sawasawa. (Sisi wenyewe tuliwahi kununua pikipiki iliyong'aa namna hiyo, tukanyamaza kwa aibu.) Na gari tunalolizungumza hubeba mke na watoto kwenda Pangani na kurudi.

Jambo hili si geni kwa wanazuoni. Fundi anayewafanyia kazi watu wengi humwita ajiri mushtarak, nao wamehitilafiana: kitu cha mtu kikiharibika mikononi mwake bila ya yeye kuzembea, je, atalipa? Imepokewa kwamba Sayyidna Ali (r.a.) aliwatoza wapaka rangi nguo na masonara, kwa hoja kuwa watu hawatatengemaa bila ya hivyo, ingawa sanadi yake imezungumzwa. Ama Imamu Shafi, aliyefariki mwaka 204 Hijria, na ambaye wengi wetu wa pwani hii tunafuata madhehebu yake, mwanafunzi wake Rabii bin Sulayman amesimulia kwamba aliamini fundi wa namna hiyo halipi. Lakini hakuwa akilitangaza, kwa kuwachelea mafundi wabaya. Aliijua nafuu, akajua pia ni nani watakaoikimbilia. Na hata nafuu hiyo ni ya asiyezembea. Aliyeufunika uozo kwa kujua hayumo.

Tumkumbuke yule muuza nafaka wa Madina. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika lundo lake akakuta unyevu, naye akajitetea kuwa ni mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kuwa ilipolowa hakuiweka juu watu wakaiona. Basi ndugu yetu wa gereji hatumlaumu kwa chumvi ya bahari, wala kwa ufukara wa mteja wake. Kazi ya bei ndogo ni halali pale mwenye gari alipooneshwa uozo kwa macho yake akachagua. Jibu la lawama hii lilikuwa ni kuliita gari na kulifungua mbele ya mwenyewe, wala si kuhesabu miaka ishirini.

Mteja naye hatumsafishi. Alikwenda barazani kabla ya kwenda gerejini, na maneno ya barazani hula riziki ya vijana watano wanaojifunza kazi pale, ambao hawakuamua lolote. Tumeambiwa pia kwamba sehemu ya ujira hajaimaliza, na kwamba ni yeye aliyehimiza gari litoke upesi kwa ajili ya harusi. Wote wawili walipatana kwa mdomo, ilhali aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Karatasi moja yenye kutaja kitakachokatwa, kitakachobandikwa na kitakachoachwa ingewatosha.

Juzi tumepata habari kuwa gari limerudi. Wamelala chini yake wawili hao, na tochi, wakigonga chasisi kwa nyundo. Upande wa nyuma nyundo imepenya. Fundi amekubali kuchomelea upya bila ya ujira. Juu ya bei ya bamba bado wanabishana.